Romeo na Juliet wa Kilindini

Roboti mbili zilishuka hadi ilipolala Titanic, zikaipiga picha meli nzima, kisha zikarudi juu bila kugusa kitu. Soma wewe, halafu mpe na mwenzako asome.

Bila shaka umeiona filamu ya Titanic. Kama si ukumbini, basi kwenye mkanda wa kuazima, kwenye banda la video mtaani, au kwenye kompyuta ya ofisini Jumamosi mchana bosi akiwa hayupo. Tangu itoke mwaka 1997 watu wamewalilia Jack na Rose utadhani walikuwa majirani zao. Na nyie akina kaka mnaosema eti hamkulia, wake zenu wanatuambia mengine.

Leo tuwaache Jack na Rose kidogo. Kuna kipande kifupi mle ndani ambacho wengi tunakipita. Maji yanaingia chumbani, na kitandani wamelala wazee wawili, bibi na babu, wamekumbatiana. Hawapigi kelele wala hawahangaiki. Wanasubiri pamoja. Ni sekunde chache tu, kisha kamera inahama.

Sasa jua hivi: Jack na Rose ni watu wa kutungwa, lakini wale wazee walikuwepo kweli. Walikuwa na majina, walikuwa na watoto, na walikuwa na sebule yao nzuri ndani ya meli ile. Na sebule hiyo imeshaonekana tena, huko huko chini ya bahari. Kilichoingia kuitazama hakikuwa binadamu. Ilikuwa ni roboti ndogo iliyofungwa kwenye waya.

Isidor na Ida

Isidor Straus alizaliwa Ujerumani akahamia Marekani akiwa mtoto. Yeye na mdogo wake Nathan walifanya biashara mpaka wakawa wamiliki wa Macy's, lile duka kubwa la New York. Mwaka 1871 alimuoa Ida. Walipopanda Titanic mwezi Aprili 1912, wakirudi nyumbani kutoka mapumzikoni Ulaya, Isidor alikuwa na miaka 67 na Ida 63. Walikuwa wameishi pamoja zaidi ya miaka 40, na waliowafahamu walisimulia kwamba mmoja akisafiri, waliandikiana barua kila siku. Kila siku, jamani! Sisi wenye simu mkononi, ujumbe wa saa tatu asubuhi tunaujibu saa mbili usiku.

Usiku wa Aprili 14, saa 5:40, meli iligonga mlima wa barafu. Ndani mlikuwa na watu kama 2,200, na mashua za kuokolea zilitosha watu 1,178 tu, yaani karibu nusu yao. Amri ikatoka: wanawake na watoto kwanza. Ida alifika kwenye mashua namba 8, akakataa kupanda. Alisema ameishi na mume wake miaka yote hiyo, na atakapokwenda mumewe naye atakwenda. Watu wakamwambia Isidor, wewe ni mzee, hakuna atakayekulaumu ukipanda na mkeo. Naye akakataa: hawezi kuchukua nafasi wakati wanawake na watoto bado wapo. Ida akavua koti lake la manyoya akampa mtumishi wake wa kike, akamwambia apande yeye, kwamba hatalihitaji tena. Yule mtumishi alipona.

Kwa hiyo pale kitandani filamu imeongeza chumvi kidogo. Mara ya mwisho walionekana sitahani, wako pamoja. Saa 8:20 usiku meli ilizama. Watu kama 1,500 walikufa.

Mwili wa Isidor uliokotwa baharini. Wa Ida haukupatikana hadi leo. Familia ilichota maji mahali meli ilipozamia, ikayaweka kwenye kaburi lao New York yawe badala yake. Mfukoni mwa Isidor ilikutwa saa ya dhahabu. Ida ndiye aliyempa zawadi mwaka 1888, siku mumewe alipotimiza miaka 43. Saa hiyo ilirudishwa kwa familia, na Novemba 2025 iliuzwa kwenye mnada nchini Uingereza kwa pauni milioni 1.78.

Hayo ni ya juu ya maji. Tushuke sasa chini.

Huko chini si mchezo

Titanic imelala kwenye kina cha mita 3,800 hivi, Bahari ya Atlantiki ya Kaskazini. Ukitaka kuelewa umbali huo, mfikirie mtu anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Kutoka usawa wa bahari hadi kituo cha Horombo ni mita 3,720. Yaani Titanic iko chini ya maji kuliko Horombo ilivyo juu ya bahari.

Mpiga mbizi wa starehe, kama wale unaowaona Nungwi au Mafia, mwisho wake ni mita 40. Ukipita mita 1,000, mwanga wa jua umekwisha, ni giza tupu mchana na usiku. Maji yana baridi inayokaribia ya barafu. Halafu kuna kanieneo, ule uzito wa maji yote yaliyo juu yako. Kwenye kina cha Titanic, kila sentimita moja ya mraba inabeba kama kilo 380. Tazama ukucha wa kidole gumba chako, kisha fikiria mifuko saba ya saruji imepangwa juu yake.

Kuna desturi moja wanayo watu wa meli za utafiti. Wanachukua vile vikombe vyeupe vya povu vya kunywea chai njiani, wanaandika kwa kalamu majina ya wake zao, wachumba au watoto, wanavitia kwenye mfuko wa wavu na kuvishusha pamoja na mitambo. Vikirudi juu vimenywea vyote, vimebaki vidogo kama vya kuchezea watoto, na jina limejikunja humo humo. Hiyo ndiyo zawadi wanayorudi nayo nyumbani. Kikombe kinampa mtu wa nyumbani picha kamili ya mahali mwenzake alipokuwa anafanyia kazi.

Roboti yenye kamba

Sasa mahali kama hapo unafikaje? Njia ya kwanza ni kumweka mtu ndani ya nyambizi ndogo yenye ukuta mnene. Njia ya pili ni kumwacha mtu juu, ukatuma macho na mikono yake tu. Hiyo ya pili ndiyo kazi ya roboti ya kuongozwa kutoka mbali.

Usifikirie roboti yenye kichwa na miguu kama ya kwenye filamu. Hii ni fremu ya chuma, na nyingine zina ukubwa wa gari dogo. Juu yake kuna tabaka la povu gumu, limechanganywa na vijitufe vidogo mno vya kioo, linaloisaidia kuelea bila kubanwa na maji. Ina mapangaboi ya kuisukuma mbele, nyuma, juu na pembeni. Ina taa kali, kamera kadhaa, na sona, chombo kinachotumia sauti kutambua kilicho gizani. Nyingi zina mikono miwili ya chuma yenye vidole vya kubana.

Lakini moyo wa mtambo mzima ni ile kamba. Mawimbi yanayobeba simu yako na GPS hayafiki mbali ndani ya maji ya bahari. Kwa hiyo kila kitu kinapita kwenye waya: umeme unashuka, amri zinashuka, picha zinapanda kwa nyuzi nyembamba za kioo, sawa na zile za mkongo wa intaneti. Waya ukikatika, umempoteza mwenzako.

Juu kwenye meli, rubani wa roboti amekaa kwenye chumba chenye skrini nyingi, ameshika usukani mdogo kama wa gemu. Kushuka hadi chini kunaweza kuchukua saa mbili na zaidi. Pembeni yake yupo mwenzake anayeangalia sona au kuendesha mikono, na juu ya sitaha wapo wanaolegeza na kukaza waya. Kazi inakwenda kwa zamu, usiku na mchana, na watu wanakaa wiki nyingi mbali na familia. Wala usidhani ni mambo ya Wazungu wa Titanic peke yao. Visima vya gesi vya bahari kuu mbele ya Lindi na Mtwara vilichimbwa kwa msaada wa roboti za namna hii, maana kule kina kinapita mita 2,000 na hakuna mpiga mbizi wa kufika.

Usiku wa Septemba 1, 1985

Kwa miaka 73 hakuna aliyejua hasa Titanic iko wapi. Iliyoipata ni timu ya Wamarekani na Wafaransa, ikiongozwa na Robert Ballard na Jean-Louis Michel. Meli ya Wafaransa ilitangulia kufagia eneo kwa sona, kisha meli ya Wamarekani, Knorr, ikaendelea ikiwa inakokota chombo cha kamera kiitwacho Argo. Safari ile pia ilikuwa na siri: jeshi la majini la Marekani liligharimia kazi hiyo ili Ballard akachunguze kwanza mabaki ya nyambizi zake mbili zilizozama, Thresher na Scorpion. Muda uliobaki ndio aliopewa kuitafuta Titanic. Siri hiyo ilikuja kutoka hadharani mwaka 2008.

Ilikuwa saa saba hivi usiku. Skrini zilikuwa zimeonyesha tope kwa siku nyingi, mara likatokea dude la mviringo: boila ya meli. Watu wakashangilia, wakakumbatiana. Muda mfupi baadaye mmoja akatazama saa, akawakumbusha kwamba inakaribia saa ile ile meli ilipozama. Furaha ikakatika. Wakatoka nje nyuma ya meli, wakasimama kimya kuwakumbuka marehemu.

Mwaka uliofuata, 1986, Ballard alirudi na nyambizi ya watu watatu iitwayo Alvin. Wakaitua juu ya Titanic, na kutoka humo wakatuma roboti ndogo, Jason Junior, kubwa kama mashine ya kukatia majani. Jason Junior alishuka pale palipokuwa na ngazi kuu ya kifahari, ile Jack anayomsubiria Rose kwenye filamu. Ngazi ilikuwa imekwisha, limebaki shimo. Lakini taa ya urembo ilikuwa bado inaning'inia, na kiumbe cha bahari kimeota juu yake.

Ballard hakuchukua kitu hata kimoja. Aliacha kibao cha kumbukumbu, akaondoka.

Saa iliyobaki juu ya meko

Mtu aliyeingia ndani zaidi ni yule yule mtengeneza filamu, James Cameron. Mwaka 2001 alirudi na roboti mbili ndogo, Jake na Elwood, zilizotengenezwa makusudi kupita milangoni na kwenye korido. Zilitumia betri, na nyuma yake zilivuta uzi mwembamba sana wa mawasiliano.

Siku moja betri ya Elwood ilileta hitilafu akiwa ndani ya meli. Akaelea juu na kukwama darini, amezimika. Wangeweza kumwacha, ni mashine tu. Badala yake Jake alitumwa kurudi ndani, akamnasa mwenzake, akamvuta hadi nje. Waliokuwa wanatazama kwenye skrini walishangilia kama wanatazama ndugu anaokolewa.

Katika safari zile za 2001 na 2005 roboti ziliona mambo ambayo hakuna aliyetegemea kuyakuta. Vioo vya rangi vya madirishani vilikuwa bado vizima. Kitanda cha shaba kilikuwa mahali pake. Na kwenye sebule ya Isidor na Ida, taa ya roboti iliangaza meko, na juu ya meko ilikuwepo saa ya mezani. Meli ilivunjika vipande viwili, ikashuka karibu kilomita nne, ikajipigiza chini, na saa ile haikuanguka.

Wenye ile sebule walikuwa wameiacha, wakapanda sitahani kwenda kuamua jambo kubwa kuliko yote katika ndoa yao. Hakuna mtu angeweza kuingia humo kwa mwili wake bila kubomoa ukuta. Roboti iliingia, ikatazama, ikatoka.

Romeo na Juliet

Mwaka 2022 kampuni ya Magellan ilishusha roboti mbili zilizopewa majina ya Romeo na Juliet. Zamu hii lengo halikuwa kutafuta kitu. Lengo lilikuwa kuipiga picha meli yote, kipande kwa kipande: sehemu ya mbele, sehemu ya nyuma iliyo mita 600 hivi kutoka hapo, na vitu vyote vilivyotawanyika katikati. Kwa zaidi ya saa 200 Romeo na Juliet walipita juu yake, wakakusanya picha zaidi ya 700,000. Kompyuta ikaziunganisha, na Mei 2023 dunia ikaonyeshwa Titanic nzima kama vile bahari imekaushwa.

Sharti la kazi ile lilikuwa moja: msiguse kitu chochote.

Kwa nini haraka ya kupiga picha? Kwa sababu meli inaliwa. Kuna bakteria wanaokula chuma chake, na mmoja wao aliyetambuliwa mwaka 2010 amepewa kabisa jina linalotokana na Titanic. Roboti zilizorudi mwaka 2024 zilikuta kipande kirefu cha uzio wa mbele, pale Jack na Rose walipotanua mikono, kimeshaanguka. Roboti hizo hizo zilikipata kisanamu cha shaba cha Diana, kilichopigwa picha mwaka 1986 na kisionekane tena kwa miaka 38.

Uguse au usiguse?

Hapa ndipo watu wanapogombana. Tangu mwaka 1987 vitu kama 5,500 vimepandishwa kutoka eneo la Titanic. Upande mmoja unasema: vikiachwa vitaoza, na watoto wetu hawatajua lolote. Wana mfano mzuri. Mwaka 2000 ulipandishwa mkoba wa mfanyabiashara wa manukato aliyekuwa anakwenda kutafuta soko Marekani. Ndani mlikuwa na vichupa zaidi ya 60. Vilipofunguliwa, manukato yalikuwa bado yananukia, baada ya karibu miaka 90!

Upande wa pili unasema: lile ni kaburi. Wapo waliopoteza babu zao mle, na hawakuulizwa. Mwaka 2020 kampuni yenye haki ya kupandisha vitu ilitaka kukata paa la meli ili itoe mtambo wa redio uliotumika kuomba msaada usiku ule. Mahakama ya Marekani ilikubali, serikali ya Marekani ikapinga, na mpango ukawekwa kando.

Jarida hili halina mamlaka ya kuamua kesi hiyo. Ila zamani mtu alikuwa na njia mbili tu: achukue, au asijue. Romeo na Juliet wametuonyesha ya tatu. Unaweza kukijua kitu mpaka msumari wa mwisho, na bado ukakiacha mahali pake.

Mke aliyekuwa juu

Juni 18, 2023, chombo kiitwacho Titan kilishuka kwenda Titanic kikiwa na watu watano ndani. Hakikuwa na kamba. Ukuta wake ulikuwa wa nyuzi za kaboni, kitu ambacho wataalamu kadhaa walikuwa wameshakionya. Alikuwemo mwenye kampuni, Stockton Rush, aliyekuwa akiendesha. Alikuwemo Paul-Henri Nargeolet, Mfaransa wa miaka 77 aliyeijua Titanic kuliko karibu mtu yeyote duniani. Walikuwemo baba na mwanawe wa miaka 19.

Mke wa Rush alikuwa kwenye meli ya juu, mbele ya kompyuta ya mawasiliano. Video iliyotolewa mwaka 2025 na walinzi wa pwani wa Marekani inamwonyesha akisikia kishindo, akageuka na kuuliza kilikuwa ni nini. Sekunde chache baadaye ukaingia ujumbe kutoka Titan kwamba wamedondosha uzito. Ujumbe ulikuwa umetumwa kabla ya kishindo, ukachelewa njiani. Akaona mambo ni salama, kazi ikaendelea.

Kumbe mama huyo ni kilembwe wa Isidor na Ida Straus, yaani mtoto wa kitukuu chao. Vizazi vitano, na bahari ni ile ile.

Dunia nzima ilihesabu saa za hewa iliyobaki. Siku ya nne, Juni 22, roboti iitwayo Odysseus 6K ilifika chini, na baada ya muda mfupi taa zake zikaangaza mabaki ya Titan, mita 500 hivi kutoka mbele ya Titanic. Familia zikapata jibu. Mikono ya roboti hiyo hiyo ndiyo iliyosaidia kupandisha yaliyobaki. Ripoti ya walinzi wa pwani ya Agosti 2025 ilisema maafa yale yangeweza kuepukika.

Safari ya Titanic iliyofuata, mwaka 2024, haikushusha binadamu hata mmoja. Roboti tu.

Na sisi je?

Sisi tunaijua habari ya kusubiri ufukweni. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I, ikiwa imezidisha abiria kupita kiasi, ilizama kati ya Unguja na Pemba. Mamia ya watu hawakurudi. Wapiga mbizi waliletwa hadi kutoka Afrika Kusini, lakini maji yalikuwa marefu mno na mkondo ulikuwa mkali, hawakuweza kuifikia meli. Kuna wake na waume waliofanya hitima bila maiti na bila kaburi la kwenda kufagia.

Kwa mtu wa namna hiyo roboti si mchezo wa matajiri. Angalau macho ya mtu yangefika pale. Angalau mtu angemwambia: tumeona alipolala.

Wewe ungepanda mashua?

Tukirudi kwenye mambo ya nyumbani, hili ndilo swali ambalo wachumba wanapenda kuulizana kila filamu inapoisha. Ungebaki na mimi? Na jibu la haraka, hasa kama ndoa bado changa, ni ningebaki tu, laazizi.

Taratibu hapo. Uamuzi wa Ida ulikuwa wake. Watoto wake walikuwa wameshakuwa watu wazima, na alikuwa na miaka 40 ya ndoa nyuma yake. Usiku ule ule walikuwepo wanawake wenye watoto wachanga waliobusu waume zao, wakapanda mashua na kwenda kulea yatima peke yao. Hao hawana mnara wala kipande kwenye filamu, na mapenzi yao hayakupungukiwa kitu. Wapo pia waume waliowapandisha wake zao kwa kuwadanganya kwamba watafuata na mashua nyingine, huku wakijua hakuna nyingine.

Na kuna swali ambalo halina filamu, ila ndilo la kila siku. Yule anayependa kukimbiza gari usiku, anayekwea pikipiki bila kofia, anayepanda boti lililojaa kwa kuwa kesho ana kikao: je, anajua ni nani anayemsubiri juu? Kama mita 3,800 za bahari zinaweza kutazamwa na mashine huku rubani wake akinywa chai na jioni akampigia mkewe simu, basi hata safari zetu za kawaida zinaweza kusubiri boti linalofuata.

Mkiiangalia tena filamu wikiendi hii

Mwanzoni kabisa kuna picha za mabaki ya meli. Baadhi ni za kweli. Cameron alishuka mwenyewe mwaka 1995 kuzipiga.

Kuna roboti ndogo inayoingia ndani ya meli kutafuta kito. Sasa mnajua kamba yake inafanya kazi gani.

Ngazi kuu ikitokea, kumbukeni kwamba leo ni shimo tu, na Jason Junior ndiye aliyekuwa wa kwanza kushuka humo. Maskini, naye bahari ilimchukua. Mwaka 1991 tishali lililombeba lilizama karibu na visiwa vya Galápagos.

Na wale wazee wakitokea kitandani, simamisheni kidogo. Wanaitwa Isidor na Ida. Halafu zimeni simu, mwulizane lile swali, na kila mmoja amsikilize mwenzake mpaka amalize.